Hofu ni kwako uliye mbali: kisa cha maonyesho ya sanaa ya posta kuhusu kifo

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa mpakani, mashariki mwa Uganda, miaka michache baada ya korona. Majina ya watu, ya kikundi na ya mji wenyewe nimeyaondoa, na mambo mawili matatu madogo nimeyageuza ili wahusika wasitambulike. Mimi nilikuwa mmoja wa kamati, kwa hiyo msomaji asitarajie maneno ya mtu aliyekaa pembeni akitazama.

Mji wetu ni mji wa malori. Dereva wa kutoka Mombasa analala hapa akisubiri karatasi zake, anayembadilishia fedha ni Msamia, mwenye hoteli ni Msomali, fundi wa redieta ni Mkongomani, na wote wanagombana na kupatana kwa Kiswahili. Baraza la Mawaziri lilipokipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, wenzetu waliuliza kwani siku zote hizo kilikuwa nini.

Kikundi kilikuwa na watu saba. Mratibu ni mchoraji wa mabango ya maduka na saluni, na kwa miaka kadhaa alikuwa akiandikiana postikadi na wasanii wa nchi za nje. Hicho ndicho kinachoitwa sanaa ya posta. Mtu anatengeneza kitu kinachoweza kusafiri kwa bahasha: mchoro, vipande vya magazeti vilivyobandikwa upya, stempu ya kubuni, alama ya mhuri aliouchonga mwenyewe, shairi. Anakituma. Aliyekipokea anajibu, au anaongeza lake na kukipeleka mbele. Jina linalotajwa zaidi katika sanaa hii ni la Mmarekani Ray Johnson, aliyeuita mtandao wake New York Correspondance School, akipachika herufi A mahali pasipo pake ili neno la Kiingereza la kucheza ngoma lijifiche ndani ya neno la kuandikiana barua. Mwaka 1970 jumba la makumbusho la Whitney, New York, lilionyesha barua za mtandao huo, na kilichotumwa ndicho kilichotundikwa. Kutokana na desturi hizo yakazoeleka masharti ambayo waandaaji wengi bado wanayafuata: hakuna jopo la kuchagua, hakuna ada, hakuna kurudisha, na kila aliyetuma apate kumbukumbu ya maonyesho.

Kifo si mgeni katika sanaa hii. Mwaka 1973 Johnson aliiandikia idara ya tanzia ya gazeti la New York Times kuwaarifu kwamba shule yake imefariki. Na On Kawara, Mjapani aliyeishi New York, kuanzia 1970 alikuwa akiwapelekea watu telegramu zenye ujumbe mmoja tu: bado niko hai.

Sisi tulikuwa na sababu zetu. Katika wimbi la pili la korona, nchi ilipofungwa Juni 2021, familia kadhaa za mji huu zilizikiwa watu wao na vijana waliovaa nguo nyeupe za plastiki. Watu waliyaita mazishi ya kisayansi. Hakukuwa na kukesha, hakukuwa na matanga, na mwenye neno la mwisho kwa marehemu alibaki nalo. Mratibu alisema watu hao wapewe mahali pa kulipeleka. Hakuna aliyempinga, na kwa kweli hapo ndipo tulipopaswa kuuliza maswali ambayo tuliyauliza baadaye, tukiwa tumechelewa.

Wito

Wito uliandikwa kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa: tuma barua, postikadi au kitu chochote bapa, kisichozidi ukubwa wa nusu karatasi ya kawaida, kuhusu kifo au kwa mtu aliyekufa. Miezi mitatu. Masharti tuliyachukua kama yalivyo katika mtandao, neno kwa neno. Mratibu aliyajua kwa moyo, sisi wengine tuliona ni ustaarabu kufuata desturi ya wenyewe.

Kwa anwani tulihitaji sanduku la posta, maana kwetu postamani hapigi hodi nyumbani: barua inakaa kwenye sanduku mpaka mwenye ufunguo aifuate. Ili kuokoa ada ya mwaka, tuliomba kutumia sanduku la chama cha kuweka na kukopa ambacho mwenzetu mmoja ni mwanachama wake. Mweka hazina wa chama alikubali bila kuuliza ni barua za nini. Sisi pia hatukumweleza.

Tukachongesha na mhuri wa mpira kwa ajili ya kusajili vitu vinavyoingia. Vijana wanaochonga mihuri Kampala, barabara ya Nasser, hawashangazwi na agizo lolote. Huu wetu ulikuwa na jina la mji, nafasi ya tarehe, na neno moja kwa herufi kubwa: IMEPOKELEWA.

Yaliyotokea

Bahasha ya kwanza ilikuja wiki ya nne, kutoka Ulaya. Ukingo wake ulikuwa mweusi pande zote, kama bahasha za msiba za zamani za Wazungu, na mbele yake, kwa wino mwekundu, fuvu lenye kofia lilikuwa linatabasamu. Aliyelifungua sanduku siku hiyo ni mweka hazina.

Lazima nieleze hali yake. Chama kilikuwa kimepata wakopaji sugu, naye wiki hiyo hiyo alikuwa amewapelekea watatu barua za kuwatishia kuuza dhamana zao. Sasa hilo fuvu. Bahasha hakuifungua. Aliishika kwa mfuko wa plastiki, akaipeleka kwa mwenyekiti, mwenyekiti akamwita mzee wa mtaa, na jioni mwenzetu alipopigiwa simu, bahasha ilikuwa imelazwa chini ya mwembe, kuna jiwe juu yake na watu kumi na zaidi wamesimama mbali. Ndani mlikuwa na shairi la mistari minane kuhusu paka aliyekufa.

Tulicheka baadaye. Siku ile hatukucheka, kwa sababu mweka hazina alikuwa na haki. Tuliomba radhi, tukachanga, tukakodi sanduku letu wenyewe, na kwa muda wa wiki tatu mwenzetu aliendelea kuchukua kwa mikono miwili, kwa heshima zote, chochote kilichoingia katika lile la zamani.

Kutoka nje vitu vilimiminika. Kufikia wiki ya sita tulikuwa na vipande 38 kutoka nchi mbalimbali. Kutoka hapa mjini tulikuwa na vitatu, na viwili kati ya hivyo ni vya wanakamati. Tuliona aibu. Mwanakamati mmoja alisema watu wetu hawajali sanaa. Mwingine, fundi cherehani, akamuuliza swali ambalo kila mtu alikuwa analijua: wewe mara ya mwisho umenunua stempu lini? Huku kwetu kifurushi kinapewa kondakta wa basi na namba ya simu ya mpokeaji, pesa inakwenda kwa simu, habari ya msiba inasomwa redioni. Kumwambia mama wa sokoni anunue stempu ili aeleze uchungu wake ni kumpa kazi juu ya uchungu.

Basi tukabadili mambo mawili. La kwanza, madebe matatu ya mafuta yaliyotobolewa mdomo na kupakwa rangi nyekundu: moja stendi ya mabasi, moja kwa mama lishe karibu na maegesho ya malori, moja nje ya duka la dawa. Barua iliyoletwa na dereva au kutumbukizwa debeni ikahesabiwa kuwa barua iliyosafiri. Mshiriki mmoja wa nje alituandikia kwamba bila stempu na mhuri wa posta hiyo si sanaa ya posta. Mratibu alimjibu kwa adabu kwamba hata barua za posta yake zinabebwa na mtu.

La pili ni meza ya karani. Siku za mnada, chini ya turubai, tulimweka mzee aliyekuwa karani wa posta tangu enzi za shirika la pamoja la Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika 1977. Kila mtu anamwita Mzee wa Posta. Yeye na mwalimu wetu mmoja walikuwa wakiandika barua kwa niaba ya wasioandika, au wanaoandika lakini mkono unakataa.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Mzee aliandika kwa mtindo aliouzoea, na kila barua ilianza kwa salamu ile ile ambayo sisi wa umri fulani tulifundishwa darasani: mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Nilikaa karibu naye Jumatano moja. Mama mmoja, muuza dagaa, alikuja kumwandikia mwanawe, dereva msaidizi aliyefariki wakati nchi imefungwa, akazikwa na wale vijana wa nguo nyeupe. Mzee akaandika salamu, kisha akamsomea alichoandika kabla ya kuendelea, kama ilivyo desturi ya makarani. Alipofika kwenye "hofu ni kwako wewe uliye mbali" alinyamaza. Mama akasema, "Endelea, Mzee. Ndivyo ilivyo." Barua yenyewe ilihusu mambo ya kawaida: deni la pikipiki limeisha, mbuzi amezaa, mdogo wako amerudi shule zilipofunguliwa, suruali yako ya kijivu nimempa yeye. Mwishoni alitoa picha ndogo ya pasipoti kwenye leso, akaomba ibandikwe. Tuliibandika. Hakuna kati yetu aliyemuuliza kama ana nyingine.

Mzee nilimsimulia habari za On Kawara na telegramu zake. Alinitazama kama mtu anayetaniwa. "Telegramu ya kusema niko hai? Sisi telegramu ikifika nyumba, watu wanaanza kulia kabla haijafunguliwa."

Wiki ya kumi iliingia bahasha nene kutoka kwa msanii wa nje ambaye mratibu alimjua vizuri. Ndani mlikuwa na kadi 30 zilizochapwa kama matangazo ya kifo: fulani, aliyezaliwa, aliyefariki, ameacha. Nafasi zote tupu, na maelekezo kwamba wageni wajaze wanavyotaka na kadi zibaki katika maonyesho. Ni mchezo unaojulikana katika sanaa hii, mtu kujiandikia tanzia na kujicheka. Tulitafsiri maneno, tukaziweka mezani pamoja na kalamu.

Maonyesho yalifunguliwa ukumbini kwa siku tisa. Siku ya tatu lilikuja darasa la shule ya jirani. Watoto hawakujiandikia wao. Mmoja alijaza jina kamili la mwalimu wa hesabu, tarehe ya kufa Ijumaa inayofuata, na kwenye "ameacha" akaandika: fimbo. Kusema kweli ilikuwa kadi bora kuliko zote. Lakini mwalimu huyo alikuwa na mke mjamzito, na habari zilimfikia mke kabla hazijamfikia mume. Saa kumi jioni shangazi wa mke alikuwa mlangoni kwetu anauliza ni nani aliyelipia jina la mkwe wao liandikwe humo.

Siku ya nne, asubuhi, akaja baba mdogo wa yule dereva msaidizi. Alikuwa ameambiwa na mtu kwamba picha ya mtoto wao imewekwa hadharani. Hakupaza sauti. Alisimama mbele ya barua, akaisoma yote, kisha akasema: "Hii picha ni ya ukoo. Mama yake ana haki ya kulia, hana haki ya kuitoa. Na nyinyi mmeandika pale mlangoni kwamba hamrudishi kitu." Ilikuwa kweli. Tangazo lilikuwa pale, kwa lugha tatu.

Maamuzi na sababu zake

Kuhusu kadi tulikaa usiku ule ule. Mratibu alishikilia kwamba tukiondoa kazi ya mtu mmoja tumevunja sharti la kuonyesha kila kitu, na tukishalivunja hakuna atakayetuamini tena. Fundi cherehani alisema msanii alituma karatasi tupu, na karatasi tupu ndiyo kazi yake. Majina yalitoka kwetu. Hoja hiyo ndiyo iliyotuokoa. Kadi moja tupu ilibaki ukutani na jina la msanii chini yake. Zilizojazwa kila moja ilirudishwa kwa mwenye jina lililoandikwa, ikipelekwa kwa mkono na mtu mzima. Mwalimu wa hesabu aliikunja ya kwake akaitia mfukoni, akasema ataishughulikia darasani. Sijui alivyoishughulikia. Mratibu alimwandikia msanii akamweleza yote. Jibu lake lilikuwa la baridi: alituambia kifo hakina adabu. Labda kwao. Kwetu kumwandikia tanzia aliye hai ni kumtabiria, hata kama aliyeandika hana umri wa kunyoa ndevu.

Hapo hapo tuliacha wazo jingine lililokuwa limeshapangwa: kuwasomea wageni majina ya watumaji kila jioni kwa sauti na mtindo wa matangazo ya vifo ya redio. Mzee wa Posta alikuwa amelikataa mapema, nasi tulikuwa tumemwona mshamba.

Kuhusu picha, uamuzi ulikuwa mgumu zaidi kwa sababu tulikuwa na watu wawili wenye haki. Kuitoa na kumpa baba mdogo kungekuwa kumpokonya mama. Kuiacha kungekuwa kuudharau ukoo kwa kisingizio cha sharti lililotungwa mbali na watu wasiojua ukoo huo. Tuliishusha saa ile ile, tukaacha barua mahali pake na doa la gundi pale picha ilipokuwa. Jumapili tukaenda kwao wawili wetu na Mzee, tukakuta familia imeshakaa. Tuliikabidhi mikononi mwa mama mbele ya baba mdogo, na mwalimu wetu akaandika katika daftari siku, saa na nani alikuwepo. Baba mdogo ndiye aliyetaka iandikwe. Nusu saa baadaye tulikuwa tunakula nao ugali.

Uamuzi mmoja ulifanyika kabla ya haya yote, nao nataka uonekane. Tulipokuwa tunapanga ukumbi, mmoja alipendekeza ukuta ufunikwe kwa nguo ya gome la mtuba, ile ambayo UNESCO iliitangaza 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu. Ingependeza sana kwenye picha. Mwenzetu mmoja, Muganda wa Buganda, alikataa katakata: kwao maiti huzongwa kwa nguo hiyo, na ukiitandaza ukutani, watu wakasimama chini yake na chapati mkononi, umefanya nini? Tukaazima mikeka msikitini na kwa majirani, tukaitandika sakafuni, na barua tukazining'iniza kwa vibanio vya nguo kwenye kamba zilizofungwa chini, usawa wa kifua cha mtu aliyeketi. Ukitaka kusoma ilibidi uvue viatu ukae.

Matokeo

Vipande vilikuwa 152: kutoka nje 81, vya hapa 71. Wageni wengi walikuja kwa siku zile tisa kuliko tulivyotegemea, na walikaa muda mrefu, jambo ambalo sijawahi kuliona katika maonyesho yoyote ya picha mjini hapa. Daftari la mlangoni lilijaa.

Katalogi ilichapwa kurasa ishirini, nyeusi na nyeupe. Hapo tulianguka. Katika bajeti tuliweka gharama ya kuchapa, tukasahau gharama ya kutuma. Kwa posta zilikwenda nakala 50 tu. Washiriki 31 wa nje walipata faili kwa baruapepe. Kwa mtu aliyekupa kitu chake bila kutaka malipo ila hiyo nakala moja, huo ni uvunjaji wa ahadi, na baadhi yao walituambia hivyo. Wa hapa mjini walipelekewa kwa mkono wote.

Shehe wa msikiti ulioazima mikeka alikuja siku ya sita. Tulikuwa na wasiwasi. Alisoma, akasema maiti hasomi barua, lakini mtu akiandika anamkumbuka maiti wake, na akimkumbuka atamwombea. Akaondoka na kutuachia mikeka siku tatu zaidi.

Uchambuzi

Sharti la kutorudisha ndilo ninalotaka kulichimba, maana mengine yote yanarekebishika kwa mpangilio mzuri. Katika mtandao wa sanaa ya posta sharti hilo lina maana nzuri. Linaizuia kazi isiwe bidhaa: ukishatuma, umetoa, hakuna wa kuiuza. Linamwokoa pia mwandaaji asiye na pesa. Lakini linategemea jambo moja lisilosemwa, kwamba anayetuma ndiye mwenye kitu. Kwa shairi la paka hilo ni kweli. Kwa picha pekee ya marehemu si kweli, wala kwa barua yake ya mwisho, wala kwa mchanga wa kaburi lake (tuliletewa na huo, katika karatasi ya nailoni, tukauomba mwenyewe aurudishe makaburini). Vitu vya marehemu kwetu vina wenyewe wengi, na ndiyo maana vinagawiwa siku maalumu, mbele ya watu, kwa utaratibu. Mama muuza dagaa alisaini sharti letu kwa kidole. Sahihi ile ilitulinda sisi mbele ya waandaaji wenzetu wa ng'ambo. Mbele ya baba mdogo haikuwa na thamani ya karatasi iliyoandikiwa. Tungekuwa na skana ya kukodi kwenye meza ya karani, au hata simu nzuri, picha ingerudi kwenye leso ile ile Jumatano ile ile. Jambo la dakika mbili.

Kwa nini meza ya karani ilifanya kazi na wito haukufanya? Wengine kwenye kamati wanasema ni kwa sababu ya kutojua kusoma. Sikubali. Wengi waliokaa mbele ya Mzee walikuwa wanasoma na kuandika vizuri, mmoja ni muuguzi. Nadhani walihitaji mtu wa kumwambia, na walihitaji mtindo. Wito wetu uliwapa uhuru wote: tuma chochote. Mfiwa hajui la kufanya na uhuru wote. Salamu ya zamani ya barua iliwapa pa kuanzia, nayo kwa bahati ilikuwa inasema jambo lile lile ambalo On Kawara alilitumia telegramu: mimi ni mzima. Ikaongeza ambalo yeye hakulisema.

Mikeka ilifanikiwa kwa sababu mwili unajua. Ukivua viatu ukaketi chini mlangoni pa msiba, mkao wenyewe unakwambia usiseme kwa sauti, usiwe na haraka. Hatukuandika tangazo la "tafadhali tulia". Daftari nalo lilifanya kazi ambayo hatukuipanga. Tuliliweka la wageni, kama maonyesho yote. Watu wakaanza kuandika jina na kiasi: elfu mbili, elfu tano, kilo ya sukari. Walidhani ni daftari la rambirambi, lile ambalo Baganda husajilia mabugo, yaani michango ya msiba. Kijana wa mlangoni alipowaeleza, wakasema haidhuru, wakaacha pesa hivyo hivyo. Zile nakala 50 za katalogi zilitumwa kwa pesa hiyo. Laiti tungeelewa mapema kwamba mji huu tayari una chombo cha kukusanya vidogo vya wengi kwa ajili ya kifo, chenye mwandishi wake na hesabu yake, tungejenga juu yake tangu wito, na wale 31 wangepata nakala zao.

Makosa ya sanduku la chama na ya kadi yana mzizi mmoja: tulipeleka mzaha wa watu wanaojuana mahali penye watu wasiojua kwamba ni mzaha. Fuvu lenye kofia linachekesha kwa aliyezoea. Kwa mweka hazina anayeogopa wadeni wake ni barua yenye anwani sahihi.

Limebaki la mhuri. Kijana wa usajili alikuwa anagonga kila kilichoingia, barua na bahasha, na aliugonga vizuri, katikati, wino umekolea. Siku ya pili ya maonyesho yule mama alikuja na binti yake. Akaikuta barua yake, akaketi, binti akamsomea. Kisha akaweka kidole juu ya lile neno na kuniuliza: "Hapa mmeandika imepokelewa. Imepokelewa na nani?"

Nilimwambia imepokelewa na sisi, ofisini. Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Sikuwaandikia nyinyi."

Tulijadili baada ya hapo. Mratibu alitaka IMEFIKA. Mwalimu akauliza imefika wapi. Mtu akapendekeza tuandike IMESAJILIWA, likasikika kama gereza. Mzee wa Posta alikuwa amekaa pembeni anakunywa chai, akasema miaka yote aliyogonga barua, mhuri wa posta haukuwahi kusema nani kapokea. Unasema mji na siku, basi. Mengine ni ya mwenye barua. Kesho yake tulichukua wembe, tukalikata neno kwenye mpira wa mhuri. Palibaki jina la mji, na chini yake nafasi ya tarehe.